Mnara Tijuana, mnara San Diego, au mtandaoni tu: redio ya vibao vya Kihispania mpakani irushwe kutoka wapi?

Kutoka San Ysidro, kivuko cha mpaka kati ya Tijuana ya Mexico na San Diego ya Marekani, hadi katikati ya jiji la San Diego ni kama kilomita 25, na wimbi la FM halisimami kuhojiwa na maofisa wa uhamiaji. Mnara ulio juu ya kilima upande mmoja unasikika upande wa pili. Kwa hiyo anayetaka kuanzisha, kununua au kukodi kituo cha vibao vya Kihispania eneo hili, yaani reggaeton, pop ya Kilatini, banda na corridos za vijana, ana uamuzi ambao mwenzake wa Guadalajara au Chicago hana: mnara wake usimame nchi gani. Siku hizi ipo na njia ya tatu, kurusha mtandaoni bila mnara wowote.

Wengi huanza kulinganisha kwa kilowati. Hapo ndipo wanapopotea, maana kilowati zinanunulika. Anza na saa ya hewani. Ina dakika 60, na tofauti kubwa kati ya nchi hizi mbili ni nani anazichukua dakika hizo, ngapi, na saa ngapi za siku.

Nguvu ya mtambo: California si Texas

Marekani imegawa nchi katika kanda za FM. California yote iliyo kusini ya latitudo 40 iko kanda I-A, na humo madaraja ya juu ya C hayaruhusiwi. Kituo kikubwa kabisa cha San Diego ni cha daraja B. Mexico, mita chache kusini mwa uzio, ina madaraja hayo makubwa.

| Daraja | Nguvu ya juu | Urefu wa antena juu ya ardhi ya jirani | Umbali wa ishara nzuri |
|---|---|---|---|
| A (Marekani), AA (Mexico) | kW 6 | m 100 | kama km 28 |
| B1 (California, Mexico) | kW 25 | m 100 | kama km 39 |
| B (California, Mexico) | kW 50 | m 150 | kama km 52 |
| C1 (Mexico, Texas pia) | kW 100 | m 300 | kama km 72 |
| C (Mexico, Texas pia) | kW 100 | m 600 | kama km 92 |

Umbali huo ni wa hesabu za mezani. Antena ikipanda juu kuliko urefu wa daraja lake, nguvu hupunguzwa ili eneo lisipanuke. Mlima San Miguel, mashariki ya mji wa Chula Vista upande wa Marekani, una mita 782. Kituo cha daraja B kilichoko huko hakirushi kW 50 zote, lakini hakihitaji, kwa kuwa kinaiona San Ysidro na Tijuana bila kizuizi. Mlima Soledad wa La Jolla una mita 251 tu na uko mbali na mpaka. Ukirusha kutoka pale, mabonde ya kusini yanameza ishara, na gari likishuka bondeni redio inakwaruza. Upande wa Tijuana, Cerro Colorado unaonekana karibu kila pembe ya jiji.

Sasa nenda El Paso ya Texas na Ciudad Juárez ya Mexico, miji pacha mingine ya mpakani. Texas iko kanda II, ambako kW 100 ni halali, kwa hiyo ile faida ya Mexico inakufa. Huko adui ni milima ya Franklin inayoigawa El Paso vipande viwili. Mnara uliokaa vibaya unahudumia magharibi na kuusahau kaskazini-mashariki. Mtu akikwambia "mpakani weka mnara Mexico, nguvu ni kubwa", muulize mpaka upi.

Jambo dogo kwa fundi aliyezoea mitambo ya Afrika Mashariki au Ulaya: kule prosesa za sauti huwekwa preemfasisi (kuinua sauti nyembamba kabla ya kurusha) ya mikrosekunde 50, Marekani na Mexico ni 75. Mtambo wa mtumba ukiachwa kwenye 50, kituo kinasikika kizito na kimefifia juu, na utabadilisha kila kitu kabla ya kugundua kosa ni swichi moja.

Dakika ambazo si zako

Hapa ndipo Mexico inapokuwa ghali, ingawa hakuna ankara.

Sheria inaipa serikali dakika 30 kila siku katika kila kituo. Juu yake kuna dakika za kulipia kodi maalumu ya utangazaji: amri ya 2002 iliziweka 35 kwa redio, na ya 2020 ikazishusha hadi 21 nje ya misimu ya uchaguzi. Siku ya kawaida, basi, unatoa dakika 51. Wimbo wa taifa hupigwa saa 12 asubuhi na saa 6 usiku. Kila Jumapili, kuanzia saa 4 usiku, inaingia La Hora Nacional, kipindi cha serikali kilichoanza 1937, na vituo vyote vinakibeba kwa saa nzima. Msikilizaji wa National City, upande wa Marekani, anayefungulia redio Jumapili usiku akitegemea reggaeton anakutana na hotuba na muziki wa asili. Akihama hapo, kumrudisha kabla ya Jumatatu asubuhi ni kazi.

Msimu wa kampeni ndio mtihani wenyewe. Mamlaka ya uchaguzi, INE, huchukua dakika 48 kwa siku na kuzigawa kati ya saa 12 asubuhi na saa 6 usiku, dakika mbili hadi tatu kwa kila saa. Matangazo mengi ni ya sekunde 30. Piga hesabu: kibao cha leo kina kama dakika tatu, kwa hiyo nyimbo 16 hivi zinaondoka kila siku, na zinaondoka katika saa zile zile zenye wasikilizaji. Huwezi kuyarundika usiku wa manane. INE ina vituo vyake vya kunasa na kuhakiki matangazo, na kilichokosekana kinajulikana.

Makosa ya hapa mara nyingi ni ya programu ya ratiba. Kituo kinatengeneza saa ya nyimbo 12, kinajaza matangazo ya biashara, kisha kinabandika ya INE mwishoni. Saa inafurika, programu inakata wimbo wa mwisho katikati, na saa inayofuata inaanza imechelewa. Fanya kinyume: yapangie matangazo ya serikali na ya INE nafasi isiyohama, kwa mfano dakika ya 20 na ya 50, ndipo uweke nyimbo, halafu biashara. Mexico inaruhusu biashara hadi asilimia 40 ya muda wa kurusha, kikomo ambacho kituo cha vibao chenye akili hakikikaribii.

Marekani hakuna wimbo wa taifa wa lazima wala kikomo cha biashara redioni. Unachodaiwa ni kujitambulisha kila saa, karibu na mwanzo wa saa: herufi za kituo, kisha mji wa leseni. Kati yake waweza kutia masafa au jina la mwenye leseni, si zaidi. Vituo vya vibao hupenda kuchomeka kaulimbiu katikati, na hapo utambulisho unakuwa batili.

Studio iko wapi? Swali linaloua mikataba

Muundo unaofahamika San Diego ni huu: Mmexico anashika leseni na mnara, kampuni ya Marekani inatengeneza vipindi na kuuza matangazo. XETRA-FM 91.1 imekuwa ikiendesha roki ya Kiingereza kwa jina 91X tangu 1983 kwa mtindo huo. Kituo cha Kihispania kina nafuu moja juu ya hicho: sheria ya Mexico inataka utangazaji uwe kwa Kihispania, na lugha ya kigeni inahitaji kibali. Wewe hulihitaji hilo.

Lakini studio ikiwa Chula Vista na mnara Tijuana, unaingia kifungu cha 325(c) cha sheria ya mawasiliano ya Marekani. Kinataka kibali cha FCC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, kwa yeyote anayeendesha studio au kifaa nchini humo kwa ajili ya kupeleka sauti kwenye kituo cha nje kinachosikika Marekani. Wapo wanaodhani kikwazo ni waya au intaneti tu, kwa hiyo wanarekodi vipindi, wanavitia kwenye diski na kuvivusha kwa gari. Kifungu kinataja pia sauti iliyorekodiwa na kupelekwa. Diski mfukoni si kinga ya uhakika.

Kibali hutolewa kwa muda usiozidi miaka mitano, na ombi litaje kila kampuni inayotengeneza vipindi kweli. Juni 2020 FCC ilikataa ombi la kituo cha AM 690, XEWW cha Rosarito, kilichokuwa kikirusha Kichina kuelekea kusini mwa California, kwa sababu kampuni iliyotengeneza vipindi katika studio za California haikuwemo kati ya waombaji. Walipewa saa 48 kuacha. Kituo chenye ukubwa ule kilipoteza programu yake yote kwa sababu ya jina lisiloandikwa.

Njia ya kukwepa kibali ni moja: studio iwe Tijuana kweli. Watangazaji wa San Diego watavuka kila siku. Kwenda kusini ni rahisi, kurudi ndiko kwenye foleni. Mtangazaji wa asubuhi anayeishi Tijuana anakupunguzia shida zote mbili, na kwa redio ya vibao vya Kihispania huyo ndiye unayemtaka hata hivyo, maana anajua foleni ya leo ikoje bila kusoma popote.

Umiliki: Marekani inamruhusu mgeni asilimia 20 ya hisa za moja kwa moja katika kampuni yenye leseni, na 25 katika kampuni mama, labda FCC ikubali zaidi. Mexico, tangu sheria ya 2014, inafika 49 katika utangazaji, ila kwa kadiri nchi ya mwekezaji inavyowaruhusu Wamexico kwao. Leseni ya Marekani ni ya miaka 8, ya Mexico hadi 20.

Kinachoruhusiwa kusikika

Marekani, maneno ya aibu hayaruhusiwi kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku, na Kihispania hakina msamaha. Tangu 2006 sheria iliruhusu faini ya hadi dola 325,000 kwa kosa moja, na kiwango kimepanda na mfumuko wa bei. Reggaeton bila toleo safi usiiweke kabisa kwenye kompyuta ya hewani. Kuwa nayo na kutumaini DJ ataikumbuka ni kujitafutia balaa. Sikiliza toleo safi lote hadi mwisho, kwa sababu mengi husafishwa ubeti wa kwanza na kusahauliwa sauti za nyuma za kiitikio cha mwisho.

Ving'ora pia ni mtego. Mlio wa mfumo wa tahadhari, EAS, ni marufuku kuigizwa, hata ndani ya tangazo la mchuuzi wa magari au kionjo cha DJ. Kila kituo cha Marekani lazima kiwe na kipokezi chake na kifanye majaribio ya kila wiki na kila mwezi.

Pesa za wasanii: Marekani ukilipwa ili upige wimbo bila kusema hewani kwamba umelipwa, ni jinai yenye kifungo cha hadi mwaka mmoja. Meneja wa msanii chipukizi akija na bahasha, mkataba wa tangazo lililotajwa wazi ndiyo njia pekee.

Upande wa Mexico joto liko kwenye narcocorridos, nyimbo zinazosimulia walanguzi wa dawa za kulevya. Novemba 2023 baraza la jiji la Tijuana lilizipiga marufuku katika maonyesho ya hadhara. Hilo linahusu jukwaa, si wimbi, lakini kituo kinachoandaa tamasha la wasikilizaji wake kisome orodha ya nyimbo za msanii kabla ya kumlipa.

Mtandaoni tu

Ni njia ya kuanza leo jioni, na ndiyo inayodanganya zaidi kwa gharama. FM ya Marekani inawalipa watunzi, kupitia mashirika ya haki za watunzi ASCAP, BMI, SESAC na GMR, lakini hailipi waimbaji wala wenye rekodi. Ukirusha mtandaoni kwa wasikilizaji wa Marekani, hao wa pili wanalipwa kupitia SoundExchange, kwa kila wimbo na kila msikilizaji. Kiwango kilikuwa dola 0.0021 mwaka 2021 na kilifika 0.0025 mwaka 2025. Kinaonekana makombo. Chukua wastani wa wasikilizaji 300 muda wote, nyimbo 12 kwa saa, saa 720 za mwezi: ni mara 2,592,000, sawa na dola 6,480. Wakifika 1,000 ni dola 21,600 kwa mwezi. FM ina sifa ya kinyume, msikilizaji wa laki moja hakuongezei senti juu ya yule wa kwanza.

Tatizo la pili liko palepale kwenye foleni, ambako msikilizaji wako bora amekaa garini saa mbili. Simu inaruka kati ya mnara wa Marekani na wa Mexico, programu inakatika sekunde kadhaa, inarudi, inakatika. Wengine huzima data kabisa wakiogopa gharama za mtandao wa nchi ya pili. Ukirusha kwa kilobiti 128 kwa sekunde, saa mbili hizo zinakula megabaiti 115 hivi. Kwa 64 za AAC, mfumo unaobana sauti vizuri zaidi, ni nusu yake. Toa mikondo yote miwili, na akiba ya sekunde 30 kabla ya sauti kuanza. Itasaidia, haitaponya. Na kwa kuwa sauti inachelewa, usitaje dakika kamili ya saa mtandaoni.

Tukiwa kwenye saa: Tijuana hubadilisha saa pamoja na California, kwa hiyo pacha hao hawaachani. Juárez iliachana na El Paso mwaka 2022 Mexico ilipofuta saa za kiangazi: kuanzia Novemba 6 hadi 30 zilipishana saa nzima, kisha Juárez ikarudishwa. Kompyuta ya hewani iliyowekwa saa za "Chihuahua" badala ya "Ciudad Juárez" bado itakutia aibu.

Vinavyoharibika mara kwa mara

Kiungo cha studio na mnara kikivuka mpaka, usitegemee intaneti ya kampuni moja. Weka kodeki (kifaa cha kubana na kusafirisha sauti) yenye njia mbili, moja ya waya na moja ya simu, na mnarani kompyuta ndogo yenye nyimbo 200 safi, vitambulisho vya kituo na, kwa Mexico, matangazo ya serikali ya juma hilo. Kitambua-ukimya kiwekwe sekunde 30. Kikiwa sekunde 10, mwanzo wa taratibu wa balada utakiamsha. Nyimbo zihifadhiwe bila kubanwa: MP3 iliyopita kodeki na prosesa inatoa matoazi yanayosikika kama mchanga.

Prosesa yenyewe ijaribiwe kwa nyimbo mbili mfululizo, banda yenye tuba na reggaeton. Mipangilio iliyosetiwa kwa besi ya reggaeton peke yake huifanya tuba ivute sauti ya mwimbaji juu na chini kila pigo.

Maandishi ya RDS, yale yanayoonekana kwenye kioo cha redio, yana nafasi herufi 8 za jina na 64 za wimbo. Redio nyingi za magari huvuruga ñ na herufi zenye alama, hivyo kagua "Ángela" na "Año" kwenye magari matatu ya umri tofauti, si kwenye kifaa cha ofisini.

Nani anakuhesabu, nani anakulipa

San Diego hupimwa na Nielsen, kampuni ya kuhesabu wasikilizaji, kwa vifaa wanavyobeba watu, vinavyonasa msimbo usiosikika uliotiwa kwenye sauti ya kituo. Wanaobeba wako kaunti ya San Diego. Mashabiki laki moja wa Tijuana hawaongezi hata nukta katika ripoti hiyo. Kituo cha Tijuana kinaweza kupimwa, ila kifunge kisimbaji, na kifungwe pia kwenye njia ya akiba: mtambo mkuu ukilala usiku mmoja na njia ya akiba haina msimbo, kwa Nielsen hukuwepo hewani.

Kama mapato yako ni wauza magari wa National City na maduka ya Chula Vista, mteja ataomba namba za Nielsen na risiti ya dola. Daraja B au B1 ya upande wa Marekani inatosha, na Jumapili usiku inabaki yako. Kama ni madaktari wa meno na kliniki za Tijuana zinazowavuta wagonjwa wa kaskazini, mnara wa Mexico unawafikia wateja wa pande zote mbili, ila tangazo la tiba litahitaji kibali cha COFEPRIS, mamlaka ya afya ya Mexico, na kulisubiri ni sehemu ya ratiba ya kampeni. Mwenye mtaji mdogo aanze mtandaoni akijua dari yake: wasikilizaji mia chache, kisha akodi saa kwenye FM ya mtu.

Kabla ya kutia saini na mwenye leseni wa Mexico, tungeuliza manne: miaka iliyobaki kwenye leseni, jina lililo kwenye kibali cha 325(c) na tarehe ya kwisha, ripoti za INE za kampeni iliyopita, na nani ana ufunguo wa geti la barabara ya mlimani, saa 8 usiku, mvua ikinyesha na mtambo umezimika.